Bi Harusi: Dereva anayepigania kituo cha tano kwa tangi moja la dizeli

Saa kumi na mbili asubuhi, katika ua wa kliniki, mwanamume mwenye mabega ya mpakia magunia ananing'iniza begi la mwandishi wa makala haya kwenye mizani ya ndoano. Mshale unacheza kidogo, kisha unasimama kwenye kumi na moja.

"Kilo kumi na moja kwa safari ya siku tatu," anasema bila kucheka. "Ndugu mwandishi, unahama?"

Viatu vya akiba vinatolewa. Kitabu kinene kinatolewa. Taulo mbili zinakuwa moja. Begi linapofika kilo sita analipokea kwa mikono miwili na kulipanga nyuma ya kiti, karibu na makasha ya dawa, ambayo nayo yalipimwa jana yake.

Kisha anachuchumaa na kipima upepo. Anaanza na tairi za mbele, anahamia za nyuma, halafu anaipima hata ile ya akiba iliyofungwa mlangoni, ambayo huenda isiguse ardhi mwaka mzima.

"Tairi laini ni kama kutembea kwenye mchanga," anasema. "Utafika, lakini utafika umekula chakula cha watu wawili."

Huyu ndiye Bi Harusi, dereva wa kliniki tembezi, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, sharubu nene na watoto wanne. Jina hilo alipewa na madereva wa malori, ambao humpita barabarani kwa honi na vigelegele kwa sababu, wanasema, anatembea kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga gauni lake. Hajawahi kulichukia.

"Bi harusi hachelewi," huwajibu. "Shughuli haianzi bila yeye."

Mke wake, ambaye ni fundi cherehani, naye amelizoea. "Wakati ananioa alikuwa anaitwa Risasi," anasema. "Siku hizi yeye ndiye bi harusi, kwa hiyo mimi ndiye mume." Anacheka mpaka anaacha kushona.

Asubuhi hii, hata hivyo, hakuna mzaha mwingi uani. Safari hii ndiyo itakayoamua kama watu wa kituo cha tano wataendelea kutibiwa au la.

Gari hili hutoka mara moja kwa mwezi. Huenda kilomita 320 na kurudi 320, likipita vituo vitano ambavyo havina daktari wala duka la dawa. Pa kujaza mafuta pa kuaminika ni mahali pamoja tu, penye njia panda ya kutokea mjini. Ukishapita hapo, dizeli ni ya kwenye chupa, inauzwa kando ya barabara, na mara nyingi imechanganywa na mafuta ya taa. Gari lililotangulia hili lilikufa injini kwa dizeli ya namna hiyo. Kwa hiyo lita themanini zinazoingia tangini asubuhi ya kwanza ndizo hizo hizo zitakazokurudisha nyumbani.

Kwa miaka mingi hazikutosha. Gari lilikuwa likienda kilomita saba kwa lita, yaani kilomita 560 kwa tangi zima. Dawa ya pengo lile ilikuwa madumu mawili yaliyofungwa kwenye keria juu ya paa. Mwaka jana dumu moja likavuja, dizeli ikapenya kwenye makasha, na dawa za mwezi mzima zikatupwa. Ofisi ikapiga marufuku madumu. Na kama hakuna madumu, ofisi ikasema, basi kituo cha tano kifutwe kwenye ratiba.

Kituo cha tano kina wagonjwa arobaini na watatu wanaotegemea dawa za kila mwezi. Mmoja wao ni msichana wa miaka tisa mwenye kifafa.

"Kabla gari halijaanza kuja, alikuwa anaanguka mara tatu kwa wiki," anasema mama yake. "Aliwahi kuangukia jikoni, akaungua mkono. Tangu aanze vidonge, mwaka wa pili huu hajaanguka. Wakiliondoa gari, wamemwondoa mwanangu shuleni. Au wameniondolea kabisa."

Bi Harusi aliposikia uamuzi wa ofisi alipanda ngazi hadi kwa mkuu wa usafiri, mwanamke wa maneno machache anayeogopwa na madereva wote. Akaomba apewe safari tatu athibitishe kwamba tangi moja linatosha.

Mkuu alikubali kwa masharti. Tangi lijazwe njia panda, kifuniko kifungwe kwa karatasi yenye sahihi yake. Gari lirudi pale pale likiwa limebakiza lita zisizopungua nane, kwa ajili ya dharura. Na safari mbili kati ya tatu zifaulu.

"Zikishindikana mbili," alimwambia, "usije kunililia hapa."

Ya kwanza ilishindikana. Ya pili ikafaulu. Hii ndiyo ya tatu.

Kukaa kiti cha mbele karibu na Bi Harusi ni shule, na wakati mwingine ni adhabu. Barabara iko tupu mbele, lakini mshale wa mwendo umesimama kwenye sabini na haubanduki. Basi linatupita. Lori la mawe linatupita. Kwenye mlima mmoja tunapitwa na mwendesha pikipiki aliyebeba kitanda. Mwandishi anashindwa kuvumilia na kuuliza kama gari lina hitilafu.

"Gari ni zima," anasema. "Shida ni upepo. Ukienda sabini, unausukuma tu. Ukienda mia, unapigana nao ngumi, na kila ngumi inatoka tangini."

Methali ya haraka na baraka kila mtu anaijua. Huyu ameipima kwa lita. Mbele yetu, kama mita mia tatu, ng'ombe wanavuka. Bi Harusi anatoa mguu kwenye mafuta, anaacha gia ilivyo, na gari linajiendea taratibu kama linawaza. Tunapofika, ng'ombe wa mwisho anamaliza kuvuka. Breki haikuguswa.

"Ukikanyaga breki unatupa mwendo ulioununua kwa mafuta," anasema. "Mimi sipendi kutupa."

Je, si angeitoa gia tu na kuweka nyutro kwenye miteremko, kama wafanyavyo wengi? Anamtazama mwandishi kama mtu aliyetukana kanisani.

"Hilo ni la wanaotaka kufa mapema. Na hata faida haina! Ukiiacha gia ndani na kutoa mguu, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini, mafuta hayaendi. Ukiweka nyutro, injini inabidi inywe ili isizimike. Umehatarisha roho yako na mafuta umechoma vilevile."

Katika kituo cha pili, gari linapoegeshwa, anazima injini kabla hata vumbi halijatua. Zamani iliachwa ikiunguruma saa tatu, saa nne, ili wahudumu wakichoka waje kupumzika kwenye kiyoyozi. Saa moja ya namna hiyo, anasema, ni karibu lita nzima, na hujasogea hata hatua. Sasa wahudumu wanajipepea kwa maboksi ya dawa yaliyokwisha. Wamelalamika, wamenuna, na mwishowe wamezoea.

Wao wakipanga meza, yeye anazunguka gari akigusa rimu moja baada ya nyingine kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Hapa ndipo nilipomkamata mwizi," anasema kwenye gurudumu la nyuma kushoto. "Rimu hii ilikuwa ya moto, nyingine zote za baridi. Breki ilikuwa inang'ang'ania. Miezi mingapi tumetembea huku tumejishika wenyewe shati?"

Mwizi wa pili alikuwa chujio la hewa, ambalo lilikuwa limejaa vumbi kiasi kwamba, anaapa, ungeweza kupanda mahindi. "Watu wanatafuta mwizi mmoja mkubwa wa mafuta. Hayupo. Wote ni wadogo wadogo. Bandu bandu huisha gogo."

Lakini ile safari ya kwanza ilishindikanaje, wakati breki ilishatengenezwa, chujio lilishabadilishwa na mwendo ulikuwa sabini? Swali hili Bi Harusi halijibu. Anayelijibu ni Sista, kiongozi wa wauguzi, mwenye miaka kumi na saba katika kazi hii.

"Ile safari niliiua mimi," anasema.

Kwa hesabu ya kawaida, gari linaloshusha dawa njiani linapaswa kurudi jepesi. Hili lilikuwa likirudi zito kuliko lilivyoondoka. Wagonjwa hawana cha kulipa, lakini wana shukrani, na shukrani zao zina kilo. Siku ile, Bi Harusi akiwa chini ya gari anakagua boliti, Sista na wenzake walipakia magunia mawili ya mkaa, maboga, mihogo na jiwe la kusagia, wakavifunika kwa mablanketi.

"Jiwe lilitoka kwa bibi mmoja aliyepona kidonda cha miaka sita," anasema Sista. "Alikuja nalo kichwani. Kilo ishirini na sita! Ningemwambiaje hapana? Nikasema, gari kubwa hili, haliwezi kuhisi."

Gari lilihisi. Bi Harusi naye alihisi, kwenye vilima, lakini akadhani ni upepo. Kwenye kilomita ya 629 injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Zilikuwa zimebaki kilomita kumi na moja. Alishuka, akafunga vifungo vya shati mpaka cha juu, akaenda kwa miguu. Mkuu wa usafiri, aliyekuwa akimngoja njia panda, alimwona akija peke yake barabarani, mzima mzima, bila gari.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko kutembea. Madereva wanaonyonya dizeli na kuiuza wapo, kila ofisi inawajua, na lisemwalo lipo. Sokoni mtu mmoja alimwuliza mke wake, mbele za watu, siku hizi dizeli wanauza lita kiasi gani.

"Nilirudi nyumbani nikalia," anasema mke. "Wala si kwa aibu, ni kwa hasira. Yule mwanamume hata kiberiti cha ofisi haweki mfukoni."

Mzigo Bi Harusi aliukuta mwenyewe, jioni ile ile, walipofungua mlango wa nyuma. Hakumtaja mtu. "Ningesema, wangeona namtupia Sista kosa langu," anaeleza sasa. "Na gari ni langu. Kilichomo ndani nilitakiwa nikijue."

Sista alivumilia siku tatu. Siku ya nne alikwenda ofisini na jiwe lenyewe, akaliweka juu ya meza ya mkuu wa usafiri, akaeleza yote. "Meza ililia," anakumbuka. "Mkuu akalitazama jiwe, akanitazama mimi, akasema: safari imeshindikana, lakini mwambie sijamfikiria vibaya."

Baada ya hapo Bi Harusi na fundi wa gereji walilizunguka gari nusu siku, bila kujua wanatafuta nini. Fundi ndiye aliyeinua kichwa. Madumu yalishaondolewa, lakini keria, lile fremu zito la chuma lililoyabeba, lilikuwa bado limekaa juu ya paa, halina kitu, likipigwa na upepo kilomita zote 640. Wasiwasi wa kuishiwa mafuta ndio uliowafanya waliweke, na lenyewe lilikuwa likiyala. Walilifungua kwa saa mbili, maana boliti zilishaota kutu.

"Mke wangu sasa analitumia kuanikia nguo," anasema Bi Harusi.

Safari ya pili alirudi na lita tisa.

Asubuhi ya siku ya tatu, katika kituo cha tano, kliniki imewekwa ndani ya darasa. Ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya. Wagonjwa wamejaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu. Msichana wa miaka tisa anapokea vidonge vyake vya mwezi, anavihesabu mwenyewe kwa sauti, anarudia tena kwa sababu mama yake amesema arudie.

Mama ameleta boga kubwa. Siku hizi mambo yamebadilika: Sista alisimama mbele ya darasa hili hili safari iliyopita na kuwaambia kwamba shukrani zao zinapendwa sana, lakini zikipanda kwenye gari, mwezi ujao gari haliji. Wakaelewana kwamba chochote kinacholetwa kinaliwa pale pale, na watu wote. Basi boga linachemshwa kwenye sufuria ya shule, na daktari, wauguzi, wagonjwa na mwandishi wanakula wamesimama.

Je, kilichoko tumboni si mzigo pia?

"Nimeshalifikiria hilo," anajibu Bi Harusi kwa uzito wote. "Ndiyo maana nakula kidogo." Anachukua kipande cha tatu.

Mama wa msichana anamfuata hadi mlangoni mwa gari. "Baba, tuonane mwezi ujao?" anauliza.

Hapo mzaha unamwishia. Angeweza kusema ndiyo, ni neno dogo, na kila mtu angefurahi. "Mama, nakwenda kujaribu," anasema.

Kurudi ni kilomita 320 bila kituo. Tunaondoka saa nne, na kabla ya saa sita upepo unageuka na kutukabili uso kwa uso. Nyasi zote zimelalia upande wetu. Bi Harusi anatazama mshale wa mafuta, anatazama nyasi, na kushusha mwendo hadi sitini. Lori linatupita kwa vigelegele. Hakuna anayecheka. Sista, aliye nyuma na jasho linalomtiririka shingoni, hataji kiyoyozi hata mara moja.

Kwenye kilomita ya 604 taa ya njano inawaka. Mwandishi hakuwahi kufikiri kwamba angeweza kuukodolea macho mshale kwa zaidi ya nusu saa, lakini anakiri kwamba alifanya hivyo, na kwamba kwenye kila kilima alijikuta amebana tumbo kana kwamba itasaidia. Mikono ya Bi Harusi imetulia kwenye usukani. Mguu wake hausogei zaidi ya unene wa kidole.

Kilomita ya 629 ni sehemu ya kawaida tu, daraja dogo na bango lililoanguka.

"Shikamoo, mwalimu," anaiambia barabara, na tunapita.

Saa kumi na moja kasoro robo tunaingia njia panda. Mkuu wa usafiri amesimama karibu na pampu, mkoba kwapani. Hasalimii kwanza. Anakagua karatasi kwenye kifuniko, sahihi yake iko nzima, anaichana. Dada wa pampu anaanza kujaza. Hamsini. Sitini. Sista ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili. Sitini na tano. Zikivuka sabini na mbili, kituo cha tano kimekwisha. Sitini na nane.

Pampu inakata kwenye sitini na tisa. Tangini zilikuwa zimebaki lita kumi na moja.

Sista anajifunika uso kwa koti lake jeupe na kulia waziwazi. Mkuu anaandika kitu, anapiga mstari chini yake, na kusema kwa sauti ile ile ya siku zote, "Kituo cha tano kinabaki." Kisha anampa Bi Harusi mkono, na anakawia kuuachia.

Mwandishi amewahi kuandika habari za watu wengi waliosifiwa kwa makubwa ambayo hawakuyafanya. Mtu huyu mshahara wake hautaongezeka hata angerudi na tangi nusu. Madereva wa malori hawataacha vigelegele. Alichokipata kwa miezi yote hii ya kugusa rimu na kupima mabegi ni kwamba mtoto mmoja na majirani zake arobaini na wawili watapata dawa mwezi ujao, na ukimtazama pale penye pampu, akifuta uso kwa kitambaa cha kufutia kioo, unaona kwamba kwake imetosha na kuzidi.

Au ndivyo mwandishi alivyodhani, kwa dakika mbili hivi.

"Bosi," anasema Bi Harusi. "Kuna jingine."

"Nini tena?"

"Jana jioni walifika watu saba pale kituo cha tano, mmoja amebebwa kwenye machela. Wametembea tangu alfajiri. Kumbe mbele huko kuna shule nyingine, na watu wengi tu. Nimewauliza barabara ikoje. Ni ngumu, haina mchanga, kilima kimoja."

"Kilomita ngapi?"

"Kumi na nane. Kwenda na kurudi thelathini na sita. Ni lita nne."

Mkuu anapiga hesabu kwa midomo. "Kumi na moja toa nne, saba. Sharti langu ni nane."

"Najua, Bosi."

"Sasa?"

Bi Harusi anarudi nyuma hatua mbili na kulitazama gari, taratibu, kuanzia taa za mbele mpaka mlango wa nyuma.

"Imepungua moja tu," anasema. "Nipe mwezi mmoja niitafute."